Soteze ndogo ya betri na ramani ya majimbo 26

Mimi ni mwalimu wa watoto wa maternelle (chekechea) hapa Goma, si seremala. Nalisema mapema ili fundi anayechonga milango ya muvula ajue kwamba uzoefu huu wa msumeno mdogo wa betri haumhusu sana. Kazi yangu ya mbao ni ya jioni na ya siku ya posho (Jumamosi): herufi za tripleksi (ubao mwembamba wa tabaka), wanyama wa kuchezea, vibao vya kuwekea vikombe, rafu moja au mbili. Na zaidi ya yote, ramani ya Kongo iliyokatwa jimbo kwa jimbo, watoto waibomoe na kuipanga tena.

Ramani hiyo ndiyo iliyonisukuma kutafuta mashine. Tangu 2015 nchi ina majimbo 26, na mpaka wa jimbo haujui mstari ulionyooka. Kwa kasumeno ka mkono, kale ka upinde wenye wembe kama uzi, jimbo la Tshopo peke yake lilinimalizia jioni mbili. Kongo-Central, na shingo yake inayokwenda kunywa maji ya bahari, ilinivunjikia mara tatu. Kinshasa na Kasai-Oriental ni ndogo sana: kwenye ramani yenye upana wa sentimita 60, kila moja ni kipande cha sentimita tatu hivi. Vidole vilikuwa vinawaka, na darasani nilikuwa na watoto 31 wanaongojea.

Mashine yenyewe kwa Kifaransa ni scie sauteuse. Nyumbani kwangu tunasema soteze. Ni msumeno wa kushika mkononi, una wembe mmoja mwembamba unaopanda na kushuka kwa kasi. Nilipoiona ikifanya kazi mara ya kwanza nilisema, hii ni cherehani. Sikuwa mbali na ukweli. Mwaka 1946 Albert Kaufmann, mhandisi wa kampuni ya Scintilla huko Uswisi, alitoa sindano kwenye cherehani ya mke wake akaweka wembe wa msumeno. Mimi nashona pia, kwa hiyo mkono wangu ulielewa kazi hii haraka: si wewe unayesukuma kwa nguvu, unaongoza tu kitambaa, au hapa unaongoza mashine, na sindano inajifanyia kazi yake.

Ya kwanza niliinunua vibaya, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu kosa hilo bado naliona kwa wengine.

Niliingia duka moja upande wa Birere. Juu ya meza kulikuwa na soteze kubwa, na betri yake imeandikwa 48V kwa herufi nene. Nikaona volti nyingi ni nguvu nyingi. Muuzaji akaniambia, "Madamu, hii utamuachia mtoto wako na mjukuu wako." Nikatoa dola 55. Wiki ya kwanza ilikata vizuri, ila uzito wake ulinivuta kiwiko. Wiki ya tatu ikaanza kuzima katikati ya mkato, taa za betri bado zinawaka zote. Nilirudi dukani, wakaniambia betri haina garanti.

Kijana anayetengeneza simu karibu na kwetu aliifungua betri mbele yangu. Ndani kulikuwa na seli tano. Akanifundisha hesabu ambayo ingeniokolea pesa zangu: seli moja ya lithiamu ya aina hii ni volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Tano mara 3.6 ni 18. Basi ile 48V ilikuwa rangi tu juu ya plastiki. Kwa hesabu hiyo hiyo utaona kwamba mashine iliyoandikwa volti 18 na iliyoandikwa volti 20 zina seli tano zote mbili. Mmoja anahesabu betri ikiwa kazini, mwingine anahesabu ikiwa imetoka kushajiwa. Vivyo hivyo 10.8 na 12: seli tatu. Ukiona namba isiyoingia kwenye hesabu hii juu ya betri ndogo nyepesi, weka chini, endelea na safari yako.

Kwa hiyo mara ya pili nilianza na betri, mashine ikafuata. Ninaamini mtu wa Goma lazima achague hivyo. Kwetu umeme una siku zake. Gurupu, yaani jenereta, ni kelele na mafuta, na sitawasha gurupu saa mbili usiku ili nikate jimbo la Ituri wakati jirani analaza mtoto nyuma ya ukuta wa mbao. Nyumba yangu ni ya mbao, juu ya mawe ya volkano ya 2002, na kila sauti inapita.

Niliamua volti 12, betri ya ampea-saa 2. Chukua 10.8, zidisha kwa 2, unapata kama wati-saa 22, ndicho kiasi cha umeme inachobeba. Betri ya simu kubwa ya miliampea-saa 5000 ina kama 19. Yaani kushaji betri ya soteze yangu kunakula umeme sawa na kushaji simu moja. Plaki ya jua iliyo juu ya bati langu, na konvertiza ndogo (ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani), vinaibeba bila kulalamika. Betri ya volti 18 ya ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Ni nzuri kwa fundi mwenye ateliye (karakana), lakini siku ya mawingu, na Goma tunayajua mawingu, plaki yangu ingeshindwa kuijaza.

Chapa ya mashine yangu siiandiki, maana mjini kwetu kibandiko na mashine havitoki kiwanda kimoja kila mara, na anayenisoma angenunua jina badala ya kuangalia kitu. Nitataja mbili zinazojulikana ili upate vipimo tu. Makita DJV180 ya volti 18, wembe wake unasafiri milimita 26 kwa kila pigo. Bosch GST 12V-70 unasafiri milimita 18, na hiyo 70 ya jina lake ni kina cha mbao inachoweza kukata, kwa milimita. Yangu iko kwenye kundi la hii ya pili. Safari ndefu inakata haraka na inatoa unga vizuri kwenye mbao nene. Safari fupi ni taratibu, lakini tripleksi ya milimita 6 hairukiruki sana mezani, na kwa kazi yangu hilo ndilo la maana.

Dukani (duka lingine, hilo nililichagua kwa sababu mwenyewe alikubali niijaribu palepale) nilifanya mambo ambayo naomba uyafanye. Nilishika mashine kwa mkono mmoja nikahesabu hadi mia moja. Niliweka wembe nikautikisa kwa kidole: ukicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto wa miaka sita, mkato wako hautanyooka kamwe. Niliangalia kigurudumu kidogo kinachoegemeza mgongo wa wembe kama kinazunguka. Niliweka kipimo cha pembe mraba kati ya sahani ya chini na wembe. Haikuwa sawasawa, ilikuwa imelala kidogo, ila ilirekebishika kwa ufunguo wa sahani. Na niliuliza kama betri hiyo hiyo inaingia kwenye mashine ya kutobolea wanayouza, kwa sababu bila tundu la kuanzia huwezi kukata dirisha katikati ya ubao. Inaingia. Nililipa dola 85 na betri moja na chaja.

Sasa miezi minane. Betri moja iliyojaa inakata ramani nzima ya majimbo 26 na kubakiza taa moja kati ya tatu, nikitumia tripleksi nyembamba na wembe mzuri. Kwa mbao za karatusi za sentimita mbili inaisha mapema zaidi, na mashine inapata joto mkononi. Nikisikia joto napumzika, nakunywa chai. Kishikio chake ni cha kukumbatia mwili wa mashine, hakina mpini wa juu, na kwa mikato ya kupinda napenda hivyo, mkono unakuwa chini karibu na ubao. Mwenye kiganja kikubwa ashike kwanza kabla ya kulipa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba nusu ya kazi iko kwenye wembe. Ule uliokuja na mashine ulikuwa wa meno makubwa, wa kukata haraka, nao ulichanachana tripleksi kama mbuzi amepita hapo. Nikadhani ni mashine. Siku nilipoweka wembe mwingine, mashine ile ile ikakata kama kisu kwenye jibini ya Masisi.

Angalia kwanza mkia wa wembe. Wenye umbo la T ndio unaoingia kwenye mashine nyingi za leo. Wenye kikato cha U ni wa mashine nyingine, na dukani vinachanganywa kwenye kasha moja. Kisha soma herufi zilizoandikwa juu yake, zina maana. A ni meno madogo sana, B ya kati, C na D makubwa. O ni wembe mwembamba wa kupinda kona. R ni meno yaliyogeuzwa, yanaelekea chini. Kwa mipaka ya majimbo ninatumia T101AO: meno madogo, mwili mwembamba. Kwa rafu, T101B. Wembe wa kupinda ukiulazimisha kwenye mstari mrefu unatangatanga, na ule mpana ukiulazimisha kwenye kona ya Kinshasa unaungua au unavunjika. Nimevunja minne hivyo, yote kwa haraka yangu.

Meno ya kawaida yanaelekea juu, kwa hiyo uso wa juu ndio unaopasuka vipande vidogo. Mimi nachora ramani kinyume, upande wa nyuma wa tripleksi, nakatia huko, na uso mzuri unabaki chini salama. Nikilazimika kukatia juu, nabandika skoti (utepe wa gundi) juu ya mstari. Pia kuna kiwiko kidogo pembeni chenye namba kuanzia 0, kinachoufanya wembe ubembee mbele na nyuma. Kwa tripleksi nakiacha 0 siku zote. Kwa mbao nene na mstari mnyoofu, pandisha.

Mipaka ya mashine hii niliijua kupitia jirani yangu, mzee anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Alikuwa ananisikia jioni, siku moja akaja na kipande cha karatusi kinene kama sentimita nane, amechora duara la gurudumu.

"Madamu, nikatie hii, mkono wangu umechoka."

"Mzee wangu, ka mashine haka ni ka watoto."

"Jaribu tu."

Tulijaribu. Wembe uliingia sentimita moja na nusu hivi ukaanza kupinda. Mstari wa juu ulikuwa mviringo mzuri, lakini tulipochungulia upande tuliona mkato umekimbia nje. Betri ikazima ili kujilinda. Mzee alichukua ubao wake, akanishukuru, akarudi kwenye panga na msumeno wake mkubwa. Kabla ya giza gurudumu lilikuwa tayari. Kwa hiyo kama kazi yako ni mihimili, miguu ya kitanda au chukudu, usinunue soteze ya volti 12, na kwa unene huo usitegemee soteze yoyote ikunyooshee kazi. Hadi sentimita mbili naiamini kabisa. Kwenye tatu nakwenda polepole na sisukumi.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Taa yake inamulika pembeni ya mstari badala ya mstari wenyewe. Unga hauondoki vizuri, napuliza kwa mdomo, na ndiyo sababu navaa miwani na kitambaa puani. Unga wa karatusi unawasha. Betri naitoa kila ninapobadilisha wembe, hata kama ni kwa dakika moja, na watoto hawakaribii meza. Kosa langu kubwa ni kununua betri moja. Ikiisha katikati ya Sankuru, usiku umekwisha.

Betri ya pili nimeshaagiza kwa mama mmoja anayevuka mpakani kila wiki kwenda Gisenyi, Rwanda. Nimempa ya zamani aende nayo mkononi, alinganishe vyuma vya kugusana na uzito, na asikubali kuonyeshwa picha kwenye simu. Watoto wanasubiri: kipande cha Lomami kimepotea darasani tangu juma lililopita, na mahali pake wanaweka kifuniko cha chupa.