Ziara ya miguu Mji Mkongwe wa Bagamoyo: ilipie, ila ipangue kwanza

Ukishuka stendi ya Bagamoyo na begi mgongoni, hujapata hata kivuli, mtu ameshakuuliza kama unataka kuzungushwa mjini. Wanaoiuza ziara hiyo ni wengi, ziara yenyewe ni moja: mwendo wa miguu wa saa mbili mpaka tatu, kuanzia Caravanserai (kituo cha zamani cha misafara), kupitia Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe, jengo la forodha na soko la samaki, kisha kuishia misheni. Magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, ni nyongeza ya bajaji.

Tunaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Zilizopungua si za mji. Ni za mpangilio wa ziara, unaomwonyesha mgeni majengo saa nzima na watu dakika kumi. Anayelipa ili aielewe pwani anarudi na tarehe nyingi kichwani, na bado hajui kwa nini mzee aliyemsalimia hakumwitikia vizuri.

Mtu wa Kahama au Mbeya ndiye huponzwa zaidi, kuliko hata Mzungu. Mzungu anajua kwamba hajui. Mtu wa bara anadhani lugha ni moja, basi mambo ni yale yale. Anapita barazani, anatupa "mambo vipi" kwa watu wazima, anakwenda moja kwa moja kwenye shida yake. Pwani salamu ni kazi yenyewe. Kwa mkubwa ni shikamoo, au asalaam alaykum ukiwa Mwislamu, halafu hali yake, halafu ya nyumbani, ndipo useme kilichokuleta. Mwongoza watalii mzuri utamjua hapo, kabla hajataja mwaka hata mmoja: anasimama, anasalimia, anakutambulisha. Mbaya anapita katikati ya watu huku akihutubia kwa sauti kama yuko makaburini.

Kipimo cha pili ni hodi. Anapokuingiza kwenye nyumba ya watu, uani kwa wasusi wa makuti au kwa mama anayepika, abishe hodi akiwa pembeni ya mlango, macho yasichungulie ndani. Hodi ni tatu. Karibu isipokuja, mnaondoka, hata kama redio inasikika humo ndani. Anayesukuma mlango kwa kuwa "wananijua" anakufundisha jambo la uongo kuhusu mji wake.

Sasa bahari, maana hapo ndipo ziara inapovurugika kila wiki. Waongozaji wengi huweka soko la samaki katikati ya safari, saa nne au saa tano asubuhi, bila kuangalia maji. Soko linafuata mwezi, halifuati ratiba. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa kwenye saa nne. Tofauti ya maji makuu na madogo hufika mita 3 mpaka 4, na kwa kuwa ufuko wa Bagamoyo umelala, bahari hukimbia mbali sana. Fika saa nne ya siku ya bamvua, utaona matope, mashua zimelala ubavu, na mbwa wawili. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: kujaa husogea kwenye saa nne na tofauti hupungua, hivyo vyombo vinakaribia nchi kavu mchana na soko linakuwa na uhai. Kwa hiyo kabla ya kuweka miadi, tazama mwezi, au mpigie mtu wa pwani umuulize maji yanajaa saa ngapi. Mwongozaji asiyeweza kulijibu swali hilo papo hapo, mshukuru utafute mwingine.

Ukiupata wakati wenyewe, simama kando ya mnada na usiwe na haraka. Samaki humwagwa chini kwa mafungu: changu, kolekole, nguru, taa aliyekatwa mabawa, pweza. Hakuna mizani. Dalali anataja bei, mnunuzi anapandisha, wengine kwa neno, wengine kwa kuinua kidevu tu, na mgeni asiyejua anaweza kudhani watu wanagombana. Wachuuzi wa matenga, mama ntilie na wakaangaji kila mmoja ana fungu lake analolivizia. Karai kubwa za mafuta ziko hatua chache kutoka mnadani, na sababu ni barafu: ni ghali na haitoshi, samaki aliyekaangwa akauka hukaa muda mrefu kuliko mbichi na huvumilia safari ya kwenda bara. Mwongozaji akikuonyesha karai bila kukwambia habari ya barafu, amekuonyesha moshi. Picha uliza kwanza. Ukikataliwa, umekataliwa.

Majengo wanayajua, tuwape haki yao. Watakwambia Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam, na kwamba Boma lilijengwa 1897, yaani baada ya heshima hiyo kuondoka. Wasichokisema ni namna nyumba yenyewe inavyoeleza maisha. Ingia nyumba yoyote ya mawe iliyobaki na dari yake, upime chumba kwa hatua. Ni kirefu na chembamba, upana haufiki mita 3 kwa kawaida. Waliojenga hawakukosa nafasi. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka na kuweza kubeba mzigo ina urefu huo huo. Mti umeamua upana wa chumba, chumba kikaamua mpangilio wa nyumba. Ukuta ni matumbawe na chokaa, mnene, na nje kuna baraza la jiwe ambapo mgeni wa kiume hupokewa bila kuingizwa ndani. Siri ya familia imelindwa na benchi.

Hapo hapo utaona kinachoziua nyumba hizo: saruji. Mtu anaipenda nyumba yake, anapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani. Matumbawe na chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji inauziba, maji yanabaki ndani na chumvi yake, plasta inapasuka na kubanduka kwa mabamba, ikivuta na jiwe. Ukarabati wake ni chokaa juu ya chokaa, unaochukua muda na mtu anayejua kazi. Ukuta wenye mabaka ya kijivu yanayovimba, sasa unajua.

Milango usiipite mbio. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu unaitwa wa Kiarabu. Wenye upinde juu na vibao vya mraba unahusishwa na Wahindi. Ukikuta mwaka umechongwa, ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu: uzidishe kwa 0.97, ujumlishe 622, utapata mwaka wa kawaida kwa makadirio. Mlango wa 1300 unatoka karibu 1883.

Jina la mji ndilo linalosimuliwa vibaya kuliko yote. Ziara nyingi hutoa maana moja: bwaga moyo, mtumwa anaiaga nchi yake na kukata tamaa. Inaliza watu, na inauza. Lakini kuna maana ya pili, ya mpagazi. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, kama kilomita 1,200. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili, kilo 30 na ushei, wakishuka na pembe za ndovu na kupanda na vitambaa vya merikani na kaniki, na ushanga. Akifika hapa mtu huyo anatua mzigo na moyo pamoja nao. Utumwa ulikuwapo na haufai kupunguzwa. Ila ukipewa nusu ya mtumwa pekee, Mnyamwezi aliyekuja kwa miguu yake kutafuta ujira amefutwa kwenye mji alioujenga. Dai maana zote mbili.

Misheni ni hivyo hivyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, makumbusho yao yamepangwa vizuri kuliko sehemu yoyote ya mji na yanastahili saa nzima. Mnarani utaambiwa mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa hapo Februari 1874. Muulize mwongozaji nani waliuleta. Livingstone alifariki Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba miezi mingi mpaka pwani. Asiyewataja hao amekueleza habari ya mzigo akasahau wabebaji.

Pengo kubwa kabisa ni dini ya mji wenyewe. Bagamoyo ni mji wa Kiislamu, na ziara ya kawaida humaliza uislamu wake kwa kunyooshea msikiti kidole. Omba usimuliwe habari za Sheikh Ramiya: aliletwa utumwani akiwa mtoto kutoka upande wa Manyema, Kongo ya leo, akasoma, akawa kiongozi wa tarika (njia ya Kisufi) ya Qadiriyya aliyefuatwa na watu mbali na hapa, akafariki 1931. Mtumwa kuwa sheikh wa mji! Historia ya utumwa isiyokuwa na habari hii ina mwanzo tu. Na kwa utaratibu wa kawaida: Ijumaa usipange ziara kati ya saa sita na saa nane mchana, utakuta maduka yamefungwa na mwongozaji ana haraka. Ramadhani migahawa mingi haibandiki sufuria motoni mchana, lakini jioni ya futari ni wakati mzuri kuliko mchana wowote wa mwaka. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamume.

Chakula. Vifurushi vyenye "chakula cha mchana cha asili" vimewahi kuishia chips kuku, na hilo tunalihesabu kuwa dhihaka. Taja unachotaka siku moja kabla: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Siku moja kabla, kwa sababu nazi haina njia ya mkato. Inakunwa kwa mbuzi, inakamuliwa tui zito, halafu inatiwa maji na kukamuliwa tui jepesi. Mchele huivia kwenye jepesi, zito huja mwishoni. Samaki huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lililopikwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ukwaju, anarudi juu ya mkaa akipakwa tena na tena. Tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika: mafuta juu, maji chini. Rojo yenye chembechembe ni ya haraka au ya tui la pakiti. Irudishe kwa adabu.

Kahawa ya jioni haimo kwenye kifurushi chochote, na ndiyo tungelipia kwanza. Muuzaji amebeba dele, birika lake la kahawa, juu ya makaa, vikombe visivyo na mkono vinagongana mkononi, hiyo ndiyo kengele yake. Kahawa ni chungu, sukari iko kwenye kashata. Kaa mwisho wa baraza, usichukue nafasi ya mtu, na usiulize maswali. Siasa, mpira na bei ya nguru zitapita zenyewe.

Ngoma zinahitaji tahadhari moja. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na wanafunzi wake hucheza ngoma za nchi nzima. Onyesho ni zuri, ila unaloliona laweza kuwa bugobogobo ya Wasukuma wenye majembe au sindimba ya Wamakonde, si la Wakwere wala Wazaramo wa hapa. Uliza ni ngoma ya nani, na huchezwa kwenye shughuli gani. Fika mapema uone ngozi zikiotwa moto. Hewa ya pwani ina unyevu, ngozi hulegea na mlio hufa, hasa wakati wa masika.

Kaole nenda peke yake, asubuhi mapema au baada ya saa tisa. Msikiti wake wa zamani unahesabiwa wa karne ya 13, na kwenye nguzo za makaburi tazama mashimo ya mviringo: humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Visa vya kisima cha hapo visikilize kama visa tu.

Kuhusu malipo: kiingilio cha magofu na makumbusho kwa kawaida si sehemu ya bei ya mwongozaji, ingawa wengine huitaja kwa namna ya kukufanya udhani imo. Taka bei mbili zitajwe mbali mbali kabla hamjaondoka, lipia kiingilio mwenyewe dirishani, chukua risiti. Raia ana kiwango chake, kwa hiyo njoo na kitambulisho. Leseni ya mwongozaji iombe bila haya, mwenye nayo huitoa kwa furaha. Na ukiwa unamletea mgeni wa nje ziara ya saa tatu, mwandikie 9:00. Ukimwachia "saa tatu" bila maelezo, atasubiri mpaka jua la mchana au atakugongea usiku.