Mizani ya begi niliyonunua Kariakoo baada ya mkasi wangu kuchukuliwa

Mizani yenyewe ni ya kuning'iniza. Ina kishikio cha plastiki kinachoenea kiganjani, kioo kidogo cha tarakimu, na chini yake mkanda wenye ndoano ya chuma unaopitishwa kwenye mpini wa begi. Unaminya kitufe, unasubiri isome sifuri, unalinyanyua begi mpaka liachane na sakafu. Inalia mlio mmoja, namba inaganda. Inapima mpaka kilo 50. Niliinunua duka moja la mabegi Kariakoo, hatua chache kutoka makutano ya Msimbazi na Uhuru. Kijana wa dukani alianza na 25,000, tukaelewana 18,000. Kwa pesa hiyo nasema mapema kabisa: mwenye safari ainunue.

Mimi ni fundi nguo, nakaa Buguruni. Vifaa vya namna hii sikuwahi kuvifikiria, begi nilikuwa nalipima kwa kulinyanyua na kukisia. Niliikumbuka mizani baada ya kupoteza mkasi.

Ulikuwa mkasi wa kukatia kitambaa, inchi 10, chuma kitupu, kishikio kimoja kipana cha kuingia vidole vinne. Aliniachia mama mdogo, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushona Tanga, Ngamiani, kuanzia 1991. Rangi nyeusi ya vishikio ilikuwa imechubuka pale vidole vyake vilipokaa miaka yote, na vyangu vikaja vikakaa palepale. Wanaoshona watanielewa. Mkasi wa kununua jana unakata, lakini ukifika kwenye hariri au shifoni unatafuna. Ule ulikuwa unateleza. Mnoa visu wa baiskeli anayepita mtaani kwetu nilimruhusu aushike akiwa amekaa mbele yangu tu.

Februari mwaka jana nilikwenda Ghuba kuwashonea jamaa zetu nguo za harusi. Nchi na uwanja sivitaji, hata shirika la ndege silitaji, maana nililokutana nalo lingeweza kunikuta popote. Wakati wa kwenda niliufunga mkasi kwenye khanga, nikauweka katikati ya begi kubwa, lile linalokabidhiwa kaunta. Hakuna aliyeniuliza. Nilikata magauni kumi na moja kwa mkasi ule, na bibi harusi alilia alipojitazama kwenye kioo.

Shida ilikuja siku ya kurudi. Begi langu liliwekwa kwenye mizani ya kaunta likasoma kilo 34 na kitu. Ruhusa yangu ilikuwa 30. Mhudumu akanitajia malipo ya kilo zilizozidi, na pesa ile sikuwa nayo. Akanyoosha kidole sakafuni: toa, punguza. Nikalifungua begi palepale, watu wamepanga foleni nyuma yangu, nguo zangu za ndani zinaonekana, jasho linanitoka ilhali ukumbi wote una baridi. Mtu akiwa katika hali ile hachagui kwa akili. Anatafuta kilicho kizito. Nikatoa chupa mbili za asali ya tende, chupa kubwa ya maji ya waridi, pakiti za shanga za kupambia, na lile furushi la khanga lenye mkasi. Furushi lilifunguka kidogo, mhudumu akauona. Najua aliuona kwa sababu alisubiri mpaka nikausukumia ndani ya begi la mkononi, ndipo akanirudishia pasipoti. Begi la mkononi hata halikupimwa.

Nikafika kwenye ukaguzi. Mkanda ukasimama, begi likavutwa pembeni. Ofisa alikuwa binti mdogo, na kwa haki yake naeleza kwamba hakunifokea. Akatoa asali, akatoa maji ya waridi, akaviweka kando. Akaufungua mkasi. Pamoja nao kulikuwa na kimkasi changu kidogo cha kukatia nyuzi. Akakishika hicho kidogo, akakitazama, akanirudishia. Ule mkubwa akautia kwenye beseni la plastiki ambalo tayari lilikuwa na viwashio, bisibisi na visu vya matunda. Sauti ya chuma ilipogonga chini ya beseni ninayo mpaka leo.

Nilimwomba. Nilimwonyesha futikamba shingoni, nikamfanyia ishara ya kushona, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba ni wa mama. Akaniambia naweza kurudi kaunta ukaingie kwenye begi kubwa. Begi lilishakwenda. Au nimpe msindikizaji wangu. Msindikizaji wangu, binti wa shemeji, alishaniacha mlangoni akawahi kazini. Dakika za kupanda ndege zilikuwa zimebaki arobaini. Sikupewa karatasi yoyote wala namba ya kufuatilia. Nilipouliza unakwenda wapi, alitikisa kichwa tu. Nimekuja kusoma kwamba kule Marekani vitu vya aina hii hukabidhiwa kwa idara za mali za ziada za majimbo, nazo huviuza. Huko nilikokuwa sijui wanavifanyia nini. Ningejua kuna fundi anaukatia kitambaa, roho ingetulia kidogo.

Sharti lenyewe silipingi. Kwa miongozo ya kimataifa, mkasi wa kuingia nao ndani ya ndege usizidi sentimita 6 za makali, kuanzia kwenye msumari unaounganisha pande mbili. Nilipofika nyumbani nilipima kile kidogo: sentimita 4. Ule wa mama mdogo ulikuwa mara mbili ya kipimo hicho na zaidi. Ningekuwa abiria wa kiti cha nyuma nami nisingependa mtu akae na chuma kile. Kinachoniuma ni kwamba watu wawili wa uwanja mmoja, mmoja ananiagiza nipunguze, mwenzake ananinyang'anya nilichopunguza, na yule wa kwanza anajua kabisa yatakayonikuta mita mia mbili mbele. Neno moja lingetosha. "Mama, huo usiutoe, toa shanga." Shanga zilipita bila kuguswa! Ningetoa magauni, ningevaa mawili juu ya nililovaa, ningeacha viatu. Neno hilo nilistahili kuambiwa pale kaunta, na nitaendelea kulidai kila kaunta duniani.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Mzigo ukizidi kaunta, mkono unakimbilia vizito, na vizito vya begi la msafiri wa kwetu ni chuma na majimaji: mkasi, asali, samli, mafuta ya nazi, achari, manukato. Hivyohivyo ndivyo mashine ya ukaguzi inavyovisubiri. Kwa hiyo kitu chako kimeshapotea tangu kwenye mizani, wewe tu hujajua. Dawa yake ni kuijua kilo yako ukiwa bado chumbani kwako, na saa mbili za kupanga upya bila mtu kukutazama.

Mizani niliijaribu kabla ya kuiamini. Pakiti mbili za sukari za kilo moja moja kwenye kikapu, nikatoa uzito wa kikapu: ilisoma 2.0. Kisha nikaenda nayo kwa muuza mchele wetu, tukaning'iniza mfuko wa kilo 25. Mara ya kwanza 25.1, mara ya pili 24.8, ya tatu 25.1. Ile ya pili mkono wangu ulitetemeka. Begi zito wanyanyue watu wawili, au upitishe mti kwenye kishikio, mmoja huku mmoja kule, na lisiguse mguu. Ukilinyanyua peke yako huku unahema, namba haigandi.

Ina kasoro mbili. Mfuniko wa betri umelegea, nimeuzungushia gundi ya karatasi. Na kile kitufe cha kuwashia, ukikiminya kwa muda kinahama kutoka kilo kwenda ratili. Siku moja nilipima begi la mteja likasoma 50, tukashikana vichwa, tukaanza kutoa vitenge. Baadaye ndipo nikaona herufi ndogo pembeni ya tarakimu. Ratili 50 ni kama kilo 22.7, begi lilikuwa sawa tangu mwanzo. Zitazameni herufi hizo kila mara.

Dukani pale nilichukua pia seti ya vichupa vinne na kifuko cheupe cha zipu, 6,000. Hivi siwezi kuvisifu vyote. Nilivijaza mafuta ya nazi, nikavilaza vichwa chini usiku kucha juu ya gazeti. Vitatu vilikuwa vikavu asubuhi, kimoja kilikuwa kimelowesha kurasa mbili. Halafu kimoja kati ya vile vizima hakina maandishi ya ujazo. Hilo ni tatizo, kwa sababu ofisa anasoma namba iliyochapwa kwenye chupa, hapimi kilichomo. Watu wengi hapa ndipo wanapopoteza vitu vyao. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo inachukuliwa, ingawa mafuta yaliyomo hayafiki 100. Kinachohesabiwa ni chombo: kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye kifuko kimoja kinachoonekana ndani, cha lita moja. Na asali ni majimaji machoni mwao, vivyo hivyo samli na siagi ya karanga.

Sharti hili lilizaliwa Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliopanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji ndani ya chupa za vinywaji. Siku zile za kwanza majimaji yalizuiwa karibu yote, kisha ikaja hii mililita 100. Sasa kuna mashine mpya zinazoonyesha begi kwa pande zote, na viwanja vichache vimeanza kulegeza. Lakini Ulaya, hata viwanja vilivyokuwa vimelegeza vilirudishwa kwenye mililita 100 tarehe 1 Septemba 2024, kabla ya baadhi yake kuruhusiwa kulegeza tena 2025. Usitegemee kiwanja unachoondokea. Ukiunganisha ndege, utapita kwa wakaguzi wengine wenye mashine nyingine.

Wateja wangu pia huniuliza kama kifuko cha zipu hakitawaletea matatizo hapa nyumbani, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Tangazo la serikali la wakati ule liliwaruhusu wageni kuingia na vifuko vya zipu vya vipodozi vyao, kwa kutegemea kwamba watabaki navyo wenyewe na hawatavitupa nchini. Changu kinakaa ndani ya begi mwaka mzima, sikitupi.

Na kuna kitu kimoja kinachokwenda kinyume na vyote hivyo. Ukihamisha vizito kwenda begi la chini, pawabenki isihamie nayo. Betri ya akiba inatakiwa iwe mkononi, kwa sababu ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuizima. Mwisho wa kawaida ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati ambayo betri inabeba), na hii ya mAh 20,000 ambayo wengi tunayo ni kama wati-saa 74, inapita. Uliza shirika lako kama wana masharti ya kuitumia ukiwa angani.

Agosti nilikwenda Comoro kwa kazi nyingine. Nilipima begi usiku nyumbani: 22.7, ruhusa 23. Asubuhi Jengo la Tatu pale Uwanja wa Julius Nyerere, mizani ya kaunta ikasoma 22.9. Sikufungua begi. Mkasi mpya ulikuwa chini, umefungwa khanga ileile. Kurudi, nilipima tena chumbani kwa wenyeji wangu, nikakuta kilo mbili za ziada, nikaacha viatu na karafuu, nikafika Dar na kila nilichotaka kufika nacho. Mkasi huo mpya ni mzuri, wa bei, ila kwenye shifoni bado unatafuna. Naunoa kidogo kidogo.

Kwa hiyo mizani naipa nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mfuniko na kile kitufe cha ratili. Vichupa naviwekea mbili, nunueni kimoja kimoja, mkague namba chini yake. Leo mizani haipo nyumbani. Imekwenda Tandika kwa mteja wangu, mama mmoja anayempelekea bintiye samli na nguo za mtoto mchanga, anaondoka Jumapili. Nimemfungia na kikaratasi kwenye ndoano, nimeandika kwa herufi kubwa: SAMLI CHINI, MKASI CHINI, PAWABENKI JUU.