ts ya moreutils: ndogo, kazi moja, naipa nyota nne

Kama unaacha skripti ndefu inakimbia usiku afu asubuhi unakuta logi ina mistari kibao na hakuna hata mmoja wenye saa, chukua hii ts, amri ndogo ya terminali inayoweka saa kwenye kila mstari. Inakuja ndani ya moreutils, furushi la Joey Hess, kwenye Debian na Ubuntu ni apt install moreutils, kwa Mac ni brew install moreutils, basi. Unaipelekea matokeo ya programu yoyote kwa paipu (alama ya |), mfano ./bakapu.sh | ts, na kila mstari unatoka na tarehe na saa mbele yake, skripti yenyewe huigusi.

Ninayoipenda zaidi ni -i. Badala ya saa inakupa muda uliopita toka mstari uliotangulia, kwa hiyo hatua inayokula muda unaiona palepale bila kupiga hesabu. -s nayo inahesabu toka mwanzo.

Ila kuna jambo lazima ulijue kabla hujaziamini hizo saa. ts inaandika saa ambayo mstari UMEIFIKIA, sio saa ambayo programu iliutoa, na programu nyingi zikiona zinaandikia paipu na sio terminali zinalimbikiza kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda) afu zinamwaga yote kwa mkupuo, ndo hapo unakuta rundo la mistari yote ina sekunde ileile na unaanza kusaka tatizo ambalo halipo kabisa. Ili zisilimbikize, Python iendeshe na -u, nyingine nyingi zitangulizie stdbuf -oL. Halafu makosa yanayopitia stderr (njia ya pembeni ya kutolea makosa) hayafiki kwa ts mpaka uongeze 2>&1 kabla ya paipu, na makosa ndo yanayohitaji saa kuliko chochote!

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya muundo wake wa kawaida, hauna mwaka wala kanda ya saa, logi ya kutunza muda mrefu haifai hivyo. Mi naweka ts '%Y-%m-%dT%H:%M:%S%z', ambao unafuata mtindo wa ISO 8601 (kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa), na mradi kanda ni ileile ukisoti mistari inajipanga yenyewe kwa wakati. Angalia herufi tu, %m ni mwezi, %M ni dakika.

Na ukiiweka kwenye kron (kiendesha kazi kwa ratiba) tumia bash na uanze na set -o pipefail, la sivyo bakapu inafeli na jibu la kufaulu au kufeli linalorudi ni la ts, ambayo yenyewe imemaliza salama.