Diski ya ZFS: kuchomoa ya zamani kwanza au kuiacha ifanye kazi?

Unapobadilisha diski ya zamani kwa mpya katika hifadhi ya ZFS (mfumo wa kusimamia diski na faili) yenye diski mbili zinazobeba nakala ileile, kuchomoa ya zamani kwanza kunafaa pale tu ambapo seva haina nafasi nyingine, kwani mpaka unakili wa data kwenda diski mpya uishe, pengine baada ya saa nyingi, data yote hutegemea diski moja.

Nafasi ya tatu ikiwapo, chomeka mpya na utoe amri ya zpool replace huku ya zamani ikiendelea kusomwa. ZFS yenyewe huiondoa unakili ukikamilika. Mimi huchagua njia hii kila ninapoweza.

Kwa vyovyote vile, tuma kwanza snapshoti (nakala ya data jinsi ilivyo wakati huo) kwenye seva ya pili, kisha katika amri itaje diski kwa jina lenye namba yake ya kiwandani, si sda au sdb, majina yanayoweza kubadilika seva ikiwashwa upya.