Glaida au parachuti: ipi ilifaa zaidi nyuma ya mstari wa adui?

Wapenzi wa historia ya Vita Kuu ya Pili hawaishi kubishania hili. Kiwanda cha Vemork, Norway, kilichowatengenezea Wajerumani maji mazito (maji maalumu ya utafiti wa nyuklia), kilipangiwa mashambulizi kwa njia zote mbili.

Kwa mzigo, glaida haina mpinzani: ndege hiyo isiyo na injini, ikivutwa na nyingine, hushusha kikosi kizima na vilipuzi vyake mahali pamoja. Gharama ni kwamba ikishatua kwa adui, mara nyingi huachwa hapo hapo. Tena hutaka anga tulivu na uwanja tambarare. Novemba 1942 glaida mbili za Waingereza zilizotumwa Vemork zilianguka Norway. Walionusurika waliuawa na Wajerumani.

Februari 1943 Wanorwe sita wakaruka kwa parachuti kukishambulia kiwanda hicho hicho. Dhoruba ya theluji iliwakwamisha siku kadhaa, ila waliwafikia wenzao wanne waliotangulia, mitambo ikalipuliwa, na hakuna aliyekufa kati yao. Walikuwa mabingwa wa ski. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko chombo kilichowaleta.

Glaida nayo isidharauliwe. Juni 1944 zilitua jirani kabisa na daraja la Bénouville, Ufaransa, likatekwa ndani ya dakika chache. Kuteka daraja ghafla huku jeshi lako likija, chagua glaida. Kupenya milimani, kulipua na kutoroka, parachuti.