Mto wa kupuliza wa gramu 60: tazama vali kabla ya mizani

Ukisoma lebo za mito ya kupuliza ya kambini, kinachotangulia ni gramu. Lakini aliyebeba shanta la kilo 10 hazihisi gramu 20 zinazotofautisha mto na mto. Anachokihisi ni shingo asubuhi. Na shingo hiyo inategemea swali moja: je, unaweza kutoa upepo kidogo sana, robo ya pumzi tu, ukiwa umeshalala, gizani, bila kuinua kichwa? Mto usiokuruhusu kufanya hivyo hata ukiwa na gramu 40 ni mzigo.

Tuliouchukua kama kipimo ni Aeros Ultralight wa kampuni ya Sea to Summit, ukubwa wa kawaida. Una uzito wa gramu 60 hivi. Ukikunjwa unaenea kiganjani. Ukijazwa unafikia takriban sentimita 36 kwa 26, na kimo cha 12. Nje umevikwa polyesta laini ya uzi mwembamba, 20D (D ni kipimo cha unene wa uzi), na ndani mna kibofu cha TPU, plastiki inayonyumbuka ambayo haikakamai kwenye baridi kama PVC ya vifaa vya kuogelea. Ukingo wa chini umekatwa kwa mviringo ili bega likae nje ya mto, na katikati pamebonyea kidogo kichwa kisizunguke.

Vali yake ndiyo inayoufanya ustahili bei. Ni ya bapa, haichomozi, na ina hatua mbili. Ukifungua kifuniko cha juu unakuta kilimi kinachopitisha upepo kuelekea ndani tu, kwa hiyo unaweza kuondoa mdomo na kuvuta pumzi bila kupoteza ulichopuliza. Pumzi 3 au 4 zinatosha. Ukibonyeza kilimi hicho kwa ncha ya kidole, upepo unatoka kidogo kidogo, na ukikiachia unakoma papo hapo. Ukifungua sehemu ya chini, mto wote unatoka upepo mara moja. Linganisha na vali ya kubana kwa vidole, ile ya maboya ya watoto: ukiibana ili upunguze kidogo, nusu ya upepo imeshaondoka. Vali ya kuzungusha ni afadhali, lakini nyingi hazina kilimi, na upepo hupotea pale unapotoa mdomo na kuanza kuifunga.

Kosa linaloharibia watu usiku ni kuujaza mpaka ulie kama ngoma. Mto uliokaza hivyo unagusa kichwa mahali padogo tu, sikio linauma, na kila ukigeuka kichwa kinateleza pembeni. Ujaze mpaka uwe imara, kisha lala kwenye godoro lako lenyewe, kwa mkao unaolalia kila siku, bega likiwa juu ya godoro na si juu ya mto. Ndipo uanze kubonyeza vali, kila mara kama nusu sekunde, mpaka kichwa kizame kiasi cha kuhisi mto umekikumbatia pande zote mbili. Kwa anayelala ubavu, alama nzuri ni pua kuwa kwenye mstari mmoja na kifua, isiinamie godoro wala isiinukie juu. Kwa anayelala chali, kidevu kisisukumwe kuelekea kifuani. Subiri dakika mbili kabla ya kuamua, maana shingo iliyobeba mzigo kutwa huchukua muda kulegea. Kwa anayelala chali, mto unaomfaa mara nyingi huwa na nusu ya upepo tu, na wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Sentimita 12 zilizoandikwa kwenye lebo ni kimo cha mto usio na kichwa juu yake. Ukishalaza kichwa na kupunguza upepo, hubaki pungufu ya hapo. Mtu wa mabega mapana anayelala ubavu kwenye mkeka mwembamba wa povu, ambao bega haliuzamii, ataukuta mto huu mfupi. Dawa yake ni kukunja sweta na kuliweka chini ya mto. Likiwekwa juu, kichwa kinapata ulaini lakini mto unaanza kuyumba. Anayelala kifudifudi atoe karibu upepo wote, abakize unene wa vidole viwili hivi. Vinginevyo shingo itapindwa usiku kucha.

Kuteleza ni tatizo la mito yote ya namna hii, kwa sababu magodoro mengi ya kupuliza yana uso wa naironi nyororo. Kwa Aeros kuna viraka vya kunata: unavibandika kwenye godoro, navyo hushika kitambaa cha mto. Vinafanya kazi, ila futa godoro kwa spiriti kwanza na uliache likauke kabisa, kwani jasho na vumbi vitavibandua baada ya siku chache. Njia tunayoipenda zaidi haihitaji gundi wala haiongezi uzito: livishe godoro fulana yako upande wa kichwani, kisha tia mto ndani ya fulana. Hauendi popote, na shavu linapata pamba badala ya polyesta. Anayelala kwenye begi la kulalia lenye kofia anaweza kuuingiza kwenye kofia hiyo, lakini ajue kwamba akigeuka begi zima linageuka naye.

Sasa malalamiko makubwa: “Nimeujaza vizuri jioni, usiku wa manane umelegea, kwa hiyo una pancha.” Mara nyingi hauna. Pumzi inatoka kinywani ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 9, ujazo wake hupungua kwa karibu asilimia 8, na mvuke uliomo ndani hugeuka matone na kuzidisha upungufu. Kwenye mto mdogo kiasi hicho kinahisiwa wazi. Upulize saa moja kabla ya kulala, uache upoe hemani, kisha uongeze pumzi moja. Ukilegea baada ya marekebisho hayo, na ukaendelea kulegea kila saa, hapo tafuta tundu.

Anza na vali, usianze na kitambaa. Chembe ya mchanga au uzi wa sweta ukikaa chini ya kilimi, upepo hutoka polepole bila sauti. Fungua, suuza kwa maji safi, puliza kwa nguvu mara mbili tatu, jaribu tena. Isipokuwa vali, jaza mto ukaze, uzamishe kwenye beseni au sehemu tulivu ya kijito, na uubane sehemu baada ya sehemu. Kitambaa cha nje hushika viputo vya hewa vyake chenyewe, kwa hiyo vipanguse kwanza kwa mkono. Pancha ya kweli ni pale mnyororo wa viputo unapoendelea mahali pamoja. Tia alama kwa kalamu kabla hujautoa majini. Tundu la katikati huzibika kwa kiraka na gundi ya yurethani, baada ya kusafisha kwa spiriti, kutoa upepo wote na kuiacha gundi ikauke usiku mzima. Mshono ulioachia ni habari nyingine. Gundi juu yake hushika siku kadhaa halafu huachia tena, kwa hiyo tumia dhamana kama ingalipo.

Mishono huachia hasa kwa sababu ya joto. Mto uliojazwa ukaachwa kwenye hema lililofungwa juani, hewa yake hutanuka na kuvuta mishono pale pale ambapo plastiki imelainika. Kila asubuhi toa upepo kabla ya kutoka hemani. Vilevile, usiushike mikono ikiwa na dawa ya mbu yenye DEET, kwani dawa hiyo hushambulia baadhi ya plastiki na vitambaa. Nawa kwanza.

Baridi ya chini ya nyuzi sifuri inaonyesha udhaifu mwingine. Hewa iliyo ndani huzunguka na kunyonya joto la kichwa, na mto hauna kinga yoyote kama ile ya godoro la baridi. Ufunike kwa sweta la manyoya au ulale na kofia.

Je, unauhitaji kweli? Kama unabeba koti nene ambalo hulivai usiku, litie kwenye mfuko wake na ulalie. Ni mto usioongeza gramu hata moja. Shida ni kwamba usiku unaohitaji mto mzuri ndio huo huo unaolala umelivaa koti, na hapo gramu 60 zinajilipa. Wanaochukia kabisa mguso wa upepo wachukue mto wa povu unaobanwa, wa gramu 200 hadi 300 na wenye ukubwa wa chupa ya maji. Huo haupati pancha, lakini kimo chake huwezi kukirekebisha, na ukilowa hukauka polepole.

Kuhusu usafi, mafuta ya nywele na jasho hufanya kitambaa kinuke upesi. Funga vali, osha kwa mkono na sabuni isiyo kali, suuza, anika kivulini. Mashine ya kukaushia itaachanisha mishono. Ndani nako kuna unyevu wa pumzi zako, na mto uliokunjwa na unyevu huo huota ukungu usioweza kuufikia. Ukirudi safari, uache vali wazi siku mbili, ubinye mara kwa mara hewa ya ndani ibadilike, kisha uuhifadhi ukiwa umenyooshwa na vali ikiwa bado wazi.