Siku nne kisiwani Mafia: papa potwe, popo wa Chole na nahodha anayesubiri maji

Mwezi Novemba mwaka jana tulikwenda Mafia watu watatu: mimi, mama yangu aliyestaafu ualimu, na binti yangu wa miaka 11. Tulikaa kijijini Utende siku nne, na siku zote hizo tulisafiri na nahodha mmoja mwenye mashua ya injini ambaye mwenye nyumba tuliyofikia alitukutanisha naye. Tathmini hii naiandika hasa kwa Watanzania wanaopanga likizo ya pwani pamoja na familia, kwa kuwa maelezo mengi ya Mafia yanamlenga mgeni wa ng'ambo anayeshuka kwenye ndege na kupelekwa moja kwa moja hotelini. Maelezo hayo hayasemi jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba Mafia utaifaidi au utaikosa kulingana na mtu anayekupeleka baharini: kama anayajua maji, na kama anakubali kuyafuata hata pale mteja anapokuwa na haraka.

Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu, tukashika barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha tukakata kushoto kwenda Nyamisati, bandari ndogo iliyomo ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Chombo huondoka hapo maji yanapojaa, kwa hiyo ilitubidi tulale Nyamisati na kupanda saa kumi alfajiri. Kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa nusu saa hivi, na mwenye mgonjwa au mtoto mchanga sitamshauri vingine. Hata hivyo, anayepita angani hukosa kupambazukiwa katikati ya mikoko ya Rufiji, ambayo ni msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, na ambayo ndiyo chanzo cha mengi atakayoyaona Mafia. Mto huu humwaga rutuba baharini, rutuba hiyo hulisha viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, uduvi na dagaa huja kula, na nyuma ya uduvi huja mnyama ambaye sisi tulimfuata kutoka mbali.

Mnyama huyo ni papa potwe, ambaye watu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake meupe. Ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na katika mlango bahari ulio mbele ya mji wa Kilindoni huonekana karibu na ufuo kuanzia Oktoba hadi Machi. Jambo hili liwekwe akilini mapema, kwa sababu wengi hufikia Utende, upande wa mashariki, wakidhani potwe wapo huko. Hawapo huko. Ni lazima urudi Kilindoni, mwendo wa kilomita 14 hivi za lami kwa bajaji au bodaboda, na upande chombo upande wa magharibi. Nahodha wetu alilijua hilo na alikuwa amekwisha kupatana na mpwa wake mwenye mashua Kilindoni, kwa hiyo hatukuanza kutafuta watu ufukweni asubuhi ile.

Saa moja na nusu tulivuka maji ya magotini kuifikia mashua. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ambapo katika pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi na hukauka karibu saa nne, na Mzee, kama tulivyomwita nahodha wetu, alitaka tuwe mbali na ufuo kabla chombo hakijakwama. Bahari ilikuwa shwari, kwani kusi lilikuwa limeisha na kaskazi halijashika. Kijana wa chomboni alisimama omo, mbele ya mashua, akitazama ndege na mashua za dagaa, maana potwe na wavuvi wa dagaa hufuata kitu kimoja. Baada ya nusu saa aliinua mkono bila kupiga kelele. Pezi lilikuwa mbele yetu, likienda polepole sana, na nyuma yake, kwa umbali ambao mwanzoni sikuamini, ikaonekana ncha ya mkia.

Hapa ndipo nilipomjua nahodha tuliyempata. Hakumfuata mnyama kwa nyuma. Alizunguka kwa mbali, akatangulia kwenye njia yake, akazima injini, akasubiri. Mama alimuuliza, "Mzee, hana neno huyu na mtoto?" Akajibu, "Hana neno, mama. Chakula chake uduvi. Ila njia ni yake, sisi tumpishe." Kisha akatukumbusha masharti aliyokwisha kutueleza ufukweni: tusimguse, tukae mbali na ubavu wake si chini ya mita 3 na mbali na mkia si chini ya mita 4, tusiruke majini kwa kishindo, na kamera isiwashe taa. Mimi na binti yangu tuliteremka kwa ngazi, tukashika kamba, tukatia uso majini.

Alikuja akiwa ameachama. Mdomo wa potwe ni mpana na wa bapa, kama sinia la pilau lililosimamishwa kwa ubavu, na mbele ya mdomo ule walikuwapo samaki wadogo wa manjano, watano au sita, wakiogelea bila hofu kana kwamba wanamwonyesha njia. Jicho lake ni dogo mno kwa mwili ule. Madoa yamejipanga kwa mistari mgongoni, na hakuna potwe wawili wenye mpangilio mmoja, ndiyo maana watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za ubavuni, kama sisi tunavyotambuliwa kwa alama za vidole. Tuliyemwona alikuwa na urefu wa mita 6 au 7 kwa makadirio ya nahodha, na bado ni kijana: wengi wa potwe wa Mafia ni madume ambayo hayajapevuka. Alitupita taratibu, mkia ukasukuma maji yakatufikia kifuani, akatoweka kwenye maji yenye ukungu wa uduvi. Binti yangu alipotoa uso majini alikuwa akilia, na nilipomuuliza kama ameogopa alitikisa kichwa, akaniomba nisimsemeshe kwanza.

Muda si mrefu ikaja boti nyingine, ambayo mwenyewe simtaji, imejaza watu. Iliendeshwa moja kwa moja hadi mbele ya kichwa cha mnyama, na watu zaidi ya kumi wakajitupa majini kwa pamoja, mmoja akinyoosha mkono amshike pezi. Potwe aliinamisha kichwa, akazama, na hakuibuka tena mahali pale. Jambo hili liliniuma na linaniuma hadi leo. Wale watu walikuwa wamelipa, wakaona maji matupu, na waliokuja baada yao nao wakakosa. Kijana wetu alitaka kumtafuta yuleyule alikozamia. Mzee alikataa, akasema amechoshwa na apumzike, akatupeleka kusini kidogo, tukangoja karibu dakika arobaini tukinywa chai ya mdalasini kutoka kwenye chupa ya mama hadi akapita mwingine. Kwa maoni yangu, dakika arobaini hizo ndizo zilizostahili fedha yetu. Anayekwenda Mafia amuulize nahodha kabla ya kulipa: ukimwona potwe, injini unaizimia wapi? Jibu lake litatosha kukuonyesha yeye ni mtu wa namna gani.

Dosari nazo zilikuwapo. Miwani ya kuzamia tuliyopewa ilikuwa imechoka, mpira wake umekauka, na ya binti yangu ilivuja kila mara hadi nikampa yangu. Jaketi za kuokolea zilikuwapo za watu wazima tu, na la kwake lilimpanda hadi masikioni. Nilisema wazi kwamba mtoto hateremki tena bila jaketi la kipimo chake, na kesho yake asubuhi likaletwa la kuazima, jipya kabisa. Nashukuru lililetwa, lakini halikupaswa kusubiri kudaiwa.

Siku ya pili ilikuwa ya ghuba ya Chole na fungu la mchanga la Marimbani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ina eneo la kilomita za mraba 822 ambamo vijiji vimo ndani na watu wanaendelea kuvua kwa masharti. Ada hulipwa getini Utende, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Weka risiti mahali pakavu, kwani tuliulizwa mara mbili. Miaka ya kabla ya hifadhi, uvuvi wa baruti ulikuwa ukivunja miamba hii vipandevipande, na mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe mengi yakapauka na kufa. Niliposhusha uso Marimbani nilikuwa na hofu ya kukuta makaburi. Nilikuta sehemu zilizokufa kweli, kijivu na zimeota majani, lakini pembeni yake nilikuta matumbawe kama pembe za kulungu, samawati kwenye ncha zinazokua, na samaki aina ya changu, kasuku na vipepeo wakiingia na kutoka. Maji yalipokauka saa nne fungu lilichomoza jeupe katikati ya ghuba, tukala hapo changu wa kuchoma, wali wa nazi na kachumbari. Chakula kilikuwa kizuri. Kivuli kilikuwa turubai moja tu, kwa hiyo mwenye mzee au mtoto achukue mwavuli.

Kuhusu fukwe niseme kweli, maana wengi hudhani kila kisiwa ni mchanga mweupe mlangoni. Ufuo wa Utende una mikoko na matope, na maji yakipwa hakuna pa kuogelea. Anayetaka kushinda akiogelea mbele ya chumba chake aende Kigamboni au Nungwi, atafurahi zaidi.

Jioni hiyohiyo tulivuka kwenda Chole, kisiwa kidogo kilichokuwa makao ya utawala wa Mafia enzi za Waarabu na za Wajerumani, na ambacho bado kina mafundi wa kuunda vyombo vya mbao. Majengo ya kale yamekumbatiwa na mizizi ya miti, lakini sisi tuliwafuata popo. Ni popo wakubwa wala matunda, wa aina inayopatikana pia Komoro na Ushelisheli, tofauti na popo wa Pemba, na mchana kutwa hulala wakining'inia kwenye miti mikubwa kijijini kama mikoba myeusi. Mama alikaa kwenye gogo, kanga kichwani, akiwatazama wakijipepea kwa bawa moja kwa sababu ya joto. Jua lilipotua walianza kujitupa mmoja mmoja, kisha kumi, kisha anga lote la magharibi likajaa mabawa yakielekea kisiwa kikubwa kutafuta maembe, na chini yake wanawake wa Chole wakaendelea kuchota maji bila kuinua macho, kama jambo la kila siku lilivyo. Tulitaka kubaki hadi wa mwisho. Mzee alitwambia kwa upole, "Mwanangu, maji yanatukimbia," na tulipofika chomboni yalikuwa yamebaki ya kiunoni. Robo saa zaidi tungelala Chole.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Chombo hakikuondoka hadi baada ya sala, na hilo liliafikiana na maji, kwani magofu ya Kua kisiwani Juani hufikiwa vyema maji yakiwa yamejaa. Kua ulikuwa mji wenye jumba la enzi na misikiti, ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska. Kuta bado zimesimama, mibuyu imeota vyumbani. Tulikosa mtu wa kutueleza vizuri, na kibao nilichokiona kilikuwa kimefutika. Mahali penye uzito huu panastahili zaidi.

Siku ya nne tulirudi kwa potwe. Hatukuona hata mmoja, na Mzee alitupunguzia nauli bila kuombwa, ingawa mapatano yalikuwa tulipe chombo kizima. Nashauri mpatane hivyohivyo, kwa chombo wala si kwa kichwa, na mtaje mapema kama mafuta, chakula na vifaa vimo ndani ya bei.

Kasa hatukuwaona wakianguliwa, kwa kuwa Juani huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Kwa hiyo siku ya kuondoka, tukisubiri chombo Kilindoni, Mzee alimwandikia binti yangu kwenye jalada la daftari tarehe za mwandamo wa mwezi za Julai, na chini yake akaandika saa za maji kujaa. Miwani mitatu tumekwisha kununua Kariakoo.